Nani alibeba hasara ya msimu wa 2020: kisa cha waongoza watalii wa kujitegemea wa Arusha

Waziri wa Afya wa Tanzania, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini siku ya Jumatatu, tarehe 16 Machi 2020. Mgonjwa huyo alikuwa ametua siku iliyotangulia katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji, na tangazo lilipotoka alikuwa Arusha. Kwa wananchi wengi, siku hiyo ndiyo ugonjwa ulipoingia nchini. Kwa watu wa Arusha na Moshi wanaoishi kwa kutegemea wageni, pigo lilikuwa limeshautangulia ugonjwa wenyewe. Tangu tarehe 11 Machi, Shirika la Afya Duniani lilipoutangaza kuwa janga la dunia na Marekani ikatangaza kuwazuia wasafiri kutoka nchi nyingi za Ulaya, ofisi za kampuni za utalii zilianza kupokea barua pepe za watu waliokuwa wakifuta au kuahirisha safari za miezi iliyokuwa mbele.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kundi moja ndani ya mtikisiko huo, yaani madereva waongoza watalii wanaofanya kazi kwa safari moja moja, ambao mjini Arusha hujulikana kama mafrilansa. Nimewachagua kwa sababu hali yao inafichua jambo ambalo takwimu za sekta nzima hulifunika. Hasara ya msimu wa 2020 haikugawanywa kwa usawa baina ya walioshiriki katika biashara hiyo, bali ilishuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa mgeni hadi kwa wakala wa ng'ambo, kutoka kwa wakala hadi kwa kampuni ya Arusha, na kutoka kwa kampuni hadi kwa mtu anayeshika usukani, ambaye hakuwa na mwingine wa kumshushia. Wapo waliowalaumu watu hawa kwamba hawakuweka akiba. Baada ya kuipitia hesabu ya kazi yao, naona lawama hiyo haikuwa ya haki, na kwamba kilichowaumiza zaidi ni jinsi kazi yenyewe ilivyoachwa bila makubaliano ya maandishi.

Kazi inavyopatikana na inavyolipwa

Kampuni ndogo ya utalii yenye magari matatu au manne haiwezi kulipa mishahara ya mwaka mzima kwa madereva wote inaowahitaji wakati wa wageni wengi, kwa sababu wageni huja kwa misimu. Kwa hiyo huwa na mmoja au wawili wa kudumu, na wengine huitwa kwa simu safari inapopatikana. Safari ya kawaida katika mzunguko wa kaskazini, unaounganisha Tarangire, Ziwa Manyara, Serengeti na Ngorongoro, huchukua siku tano hadi nane. Katika siku hizo mwongozaji hulipwa na kampuni posho ya kila siku, na safari inapomalizika hupewa bakshishi na wageni wenyewe. Bakshishi hiyo haimo katika makubaliano yoyote, lakini kwa wengi ndiyo hulisha familia, na mara nyingi huizidi posho.

Mlimani mpangilio ni huo huo, ila kipato ni kidogo zaidi. Watu wapatao 50,000 hujaribu kupanda Kilimanjaro kila mwaka katika miaka ya kawaida, na kila mmoja hufuatana na kiongozi, mpishi na wapagazi kadhaa. Mpagazi, ambaye kwa kanuni hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, hulipwa kwa siku, na kiwango cha shilingi 20,000 kilichokuwa kikipiganiwa wakati huo na watetezi wa haki zao hakikufuatwa na kampuni zote. Ninawataja wapagazi kwa sababu walipoteza mapema zaidi na kwa ukali zaidi, lakini kisa chao kinastahili uchambuzi wake.

Mwaka wa mwongozaji una vipindi viwili vya kuvuna. Cha kwanza huanza karibu na Krismasi na kuendelea hadi mwanzoni mwa Machi, kikiwa na kilele chake mwezi Februari nyumbu wanapozaa katika mbuga za Ndutu. Cha pili, kilicho kirefu na chenye kipato kikubwa, huanza Juni na kuishia Oktoba, wakati makundi ya nyumbu yanapoelekea kaskazini na kuvuka Mto Mara. Kati yake yapo masika ya Aprili na Mei, miezi ambayo barabara za hifadhini huwa matope na kambi kadhaa hufungwa. Kila mwongozaji mwenye uzoefu hujiandaa kwa masika. Hulipa ada za shule mapema, hununua chakula cha kutosha na kubakiza fedha za miezi miwili, huku akijua kwamba Juni simu italia.

Ndiyo maana wakati wa pigo hilo una uzito mkubwa katika kisa hiki. Korona ilifika katikati ya Machi, wakati mifuko ilikuwa imeshapangwa kwa ajili ya masika. Aprili na Mei zilipita kwa shida iliyozoeleka, na wapo ambao hadi Mei hawakuwa wameona tofauti kubwa kati ya mwaka huo na miaka mingine. Hasara halisi ilikuja Juni, simu ilipokaa kimya.

Hesabu ya mwongozaji mmoja

Ili ukubwa wa jambo hili uonekane, tuchukue mfano wa hesabu, ambao si takwimu ya mtu fulani bali ni kielelezo tu. Mwongozaji anapata safari sita za siku saba kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi, na safari nyingine kumi na mbili za urefu huo kati ya Juni na Oktoba. Kampuni inamlipa shilingi 50,000 kwa siku, na bakshishi ikigawanywa kwa siku za safari inampa wastani wa shilingi 60,000. Msimu wa kwanza wa siku 42 unampatia shilingi 4,620,000, na msimu wa pili wa siku 84 unampatia shilingi 9,240,000. Jumla ya mwaka ni shilingi 13,860,000. Nyumba yake, pamoja na kodi, chakula, matibabu na ada za watoto, inahitaji shilingi 700,000 kwa mwezi, yaani 8,400,000 kwa mwaka. Anabakiwa na kiasi kinachotosha kumalizia chumba cha nyumba anayojenga, kuwasaidia wazazi na kulipia mafunzo au leseni yake ya kazi.

Mtu huyo si mfujaji. Katikati ya Machi 2020 anayo fedha ya miezi miwili, shilingi 1,400,000, kama anavyofanya kila mwaka. Sasa tuseme amekuwa na bahati kuliko wenzake, na kati ya Juni na Oktoba amepata safari mbili, zilizomletea shilingi 1,540,000. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Novemba ana miezi minane ya kulisha nyumba, ambayo ni shilingi 5,600,000, wakati mkononi ana 2,940,000. Upungufu wake ni shilingi 2,660,000 kabla hajaugua mtu nyumbani na kabla mtoto hajahitaji sare mpya. Ili apite salama angepaswa kuweka akiba ya takriban miezi sita, na hakuna mwaka wowote wa nyuma uliokuwa umemfundisha kufanya hivyo.

Jambo la pili linaloonekana katika hesabu hii ni kwamba zaidi ya nusu ya kipato chake haina mdaiwa. Hata kama kampuni ingekubali kumfidia posho ya safari zilizofutwa, bakshishi isingeweza kudaiwa popote, kwa sababu anayeitoa ni mgeni ambaye hakuja. Mtu anayejaribu kubuni msaada kwa wafanyakazi wa aina hii lazima aanzie hapo, maana fidia iliyokokotolewa kwa posho peke yake ingewarudishia chini ya nusu ya walichopoteza.

Biashara haikufungwa, wateja ndio walioondoka

Tanzania haikuweka amri ya watu kubaki majumbani. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko, na siku chache baadaye wasafiri waliokuwa wakiingia nchini walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe, sharti ambalo kwa mgeni wa likizo ya siku kumi lilikuwa sawa na kufuta safari. Katikati ya Aprili Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na tarehe 18 Mei zuio hilo likaondolewa. Hakuna amri iliyomkataza mwongozaji kuendesha gari lake. Kilichofungwa ni Ulaya na Marekani, yaani viwanja vyao vya ndege, ofisi zao za visa na bima zao za safari.

Hali hiyo ilikuwa na pande mbili, na nadhani upande mmoja hausemwi vya kutosha. Serikali inapofunga biashara kwa amri, mwenye biashara hupata hoja ya kudai nafuu kutoka kwa aliyemfunga, na ndivyo ilivyokuwa katika nchi nyingi za Ulaya ambako waliojiajiri walipewa ruzuku. Mwongozaji wa Arusha hakuwa na amri ya kuonyesha, na kwa mtazamo wa ofisi yoyote hakuwa amefungiwa. Lakini upande wa pili ulikuwa wa heri kubwa. Masoko yalikuwa wazi, mabasi yalikuwa yakisafiri, mashamba yalikuwa yakilimwa, na mtu aliyepoteza kazi moja aliweza kwenda kutafuta nyingine siku hiyo hiyo. Hapo jirani Nairobi, kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 6 Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka mjini. Mwongozaji mwenzao wa Kenya alipoteza wageni na kwa muda akapoteza pia nafasi ya kwenda kijijini kulima.

Uwazi huo, hata hivyo, ulikuwa na gharama ya afya ambayo haipaswi kupuuzwa. Tangu Mei 2020 takwimu za maambukizi hazikuchapishwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waongozaji waliopata safari chache za miezi iliyofuata walikaa na wageni ndani ya gari moja kwa wiki nzima bila kujua hali ya ugonjwa katika mji wao wenyewe.

Fedha zilizokuwa zimeshalipwa

Safari za kitalii huuzwa miezi mingi kabla. Mgeni wa Agosti 2020 huenda alilipa malipo ya awali tangu Novemba 2019, na kampuni ya Arusha ikayatumia kulipia nafasi za kambi, kutengeneza magari na kulipa mishahara ya ofisi. Wageni walipoanza kudai fedha zao, kampuni nyingi hazikuwa nazo, na zile za kambi na hoteli zilikuwa zimekwama upande wa pili. Suluhisho lililoenea ni kumwomba mgeni aahirishe badala ya kufuta, na wengi walikubali. Kwa kampuni hilo lilikuwa jambo la busara, na sidhani kulikuwa na njia nyingine ambayo isingezifilisi kadhaa kati yao.

Tatizo ni kwamba makubaliano hayo yalifanyika baina ya mgeni, wakala na kampuni, wakati mwongozaji aliyekuwa ameshaahidiwa safari hiyo hakutajwa popote. Tarehe ilihamishwa, jina la mgeni likabaki kwenye orodha, malipo ya awali yakabaki kwenye akaunti, ila ahadi yake ilitoweka kwa sababu ilikuwa imetolewa kwa mdomo. Katika mnyororo mzima, kila mmoja aliyekuwa na kipande cha karatasi alibakiwa na kitu: mgeni alibaki na haki ya kusafiri baadaye, wakala alibaki na mteja, na kampuni ilibaki na fedha kidogo za kuvukia mwaka.

Athari ya pili ilichelewa kuonekana. Wageni hao walioahirisha walianza kurudi mwaka 2021 na zaidi 2022, wakisafiri kwa bei za 2020 ambazo sehemu yake ilikuwa imeshatumika. Kampuni iliyobeba safari za namna hiyo ilikuwa ikifanya kazi kwa faida ndogo mno au kwa hasara, na jambo rahisi la kubana lilikuwa posho ya mwongozaji. Mtu aliyengoja miaka miwili wageni warudi aliwapokea akiwa na ujira ambao haukuwa na nafasi ya kupanda.

Misaada iliyokuwapo na kwa nini haikuwafikia

Ukubwa wa tatizo ulijulikana mapema. Dkt. Hamisi Kigwangalla, aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, alikadiria kwamba kama hali ingeendelea hadi Oktoba, ajira za moja kwa moja katika utalii zingeweza kushuka kutoka 623,000 hadi 146,000. Hatua zilizofuata zilielekezwa zaidi kwenye benki. Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ilishusha kiwango cha amana ambacho benki hutakiwa kukihifadhi kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, ikashusha riba inayotoza benki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikaongeza kikomo cha miamala ya fedha kwa simu kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5 kwa siku, na ikazitaka benki kuzungumza na wateja walioathirika ili kupanga upya marejesho ya mikopo.

Hatua hizo zilikuwa na maana kwa kundi dogo ndani ya kisa chetu, nalo ni la waongozaji waliokuwa wameshapanda ngazi wakanunua gari kuukuu aina ya Land Cruiser kwa mkopo wa benki na kulikodisha kwa kampuni. Mtu wa namna hiyo alikuwa mfanyabiashara mdogo, ana mkataba wa mkopo, na aliweza kuingia benki na kuomba muda. Alihitaji sana nafasi hiyo, kwa sababu gari la utalii lenye paa la kuinuka na viti vichache halifai kubeba abiria wa kawaida wala magunia, na linakula mafuta kuliko biashara nyingine yoyote inavyoweza kumudu. Ila wengi wa wenzake walidaiwa na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, na duka la mtaani, na ndugu, na mwenye nyumba, na hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye Benki Kuu humwandikia waraka.

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ulikuwa na fao la kukosa ajira, lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2018. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na akaachishwa kazi anaweza kulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi sita. Kwa dereva wa kudumu aliyekuwa akikatwa michango, fao hilo lingefunika karibu msimu mzima wa Juni hadi Oktoba. Frilansa hakuwa na mwajiri wa kumchangia, na kwa lugha ya sheria hakuwa ameachishwa kazi, kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa. Wapo waliokuwa wamefanya kazi na kampuni ile ile miaka kumi mfululizo, wageni wanawaomba kwa majina, nao walikuwa nje ya fao hilo sawa na mtu aliyeanza jana.

Ulikuwapo pia mkopo usio na riba unaotolewa na halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hapa umri ulikuwa kizuizi ambacho sijaona kikijadiliwa. Kijana kwa mujibu wa utaratibu wa wakati huo alikuwa mwenye miaka 18 hadi 35, wakati mwongozaji mzoefu, anayezijua njia za Serengeti na majina ya ndege kwa Kiingereza na Kijerumani, mara nyingi ni mwanamume mwenye miaka 40 na kuendelea, ana watoto wa sekondari, na hakuwa na fungu lolote lililomhusu. Katika familia kadhaa njia iliyobaki ni ya mke, kupitia kikundi cha wanawake, na kwa kweli katika miezi hiyo wake ndio walioziendesha nyumba nyingi za waongozaji.

Walivyoishi

Njia walizoshika zilitegemea sana walikotoka. Wenye asili ya Marangu, Machame au Rombo walirudi kwenye kihamba, yaani shamba la familia, wakasaidia ndizi na kahawa, na kwa kufanya hivyo wakaondokana na kodi ya nyumba ya mjini, ambayo kwa wengi ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza. Wa pande za Meru na Karatu walilima mboga, vitunguu na maharage. Waliobaki Arusha bila ardhi waliendesha bodaboda na teksi, wakafuga kuku, wakauza mitumba na matunda. Kitambulisho cha mjasiriamali, kilichoanzishwa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa wenye mauzo yasiyofika milioni nne, kiliwasaidia wengine kupanga bidhaa barabarani bila kusumbuliwa. Ni hatua ndogo ya serikali ambayo haikuwa na uhusiano wowote na korona, na bado katika kisa hiki ilifanya kazi kuliko nyingine kubwa zaidi, kwa sababu haikumtaka mtu athibitishe kwamba aliwahi kuajiriwa.

Vikoba vilipita katika jaribu gumu. Kikoba cha waongozaji watupu kilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeiona wakati wa neema, kwamba wanachama wote hupata fedha wakati mmoja na wote hukosa wakati mmoja. Juni ilipopita bila wageni, wote walihitaji kukopa na hakuna aliyekuwa na cha kurejesha. Baadhi waliamua kuvunja na kugawana hisa, uamuzi uliowapa chakula cha wiki chache na kuondoa chombo ambacho kingewainua baadaye. Vikoba vilivyochanganya kazi, vyenye mwongozaji, mwalimu, muuguzi na mama wa sokoni, vilihimili zaidi, maana mshahara wa mwalimu uliendelea kuingia.

Njia nyingine ilikuwa wageni wa zamani. Mwongozaji aliyekuwa na tabia ya kuwaandikia wageni wake baada ya safari, akawatumia picha na salamu za sikukuu, aligundua mwaka 2020 kwamba alikuwa amejenga kitu chenye thamani. Wapo waliotumiwa fedha za ada na chakula, na wapo walioombwa kuandaa safari za baadaye moja kwa moja. Kampuni nyingi haziwapendi waongozaji wanaobaki na anwani za wageni, na hofu yao ya kunyang'anywa wateja inaeleweka. Hata hivyo, siwezi kumlaumu mtu asiye na mkataba, asiye na fao wala likizo ya ugonjwa, akilinda urafiki aliouanzisha yeye mwenyewe kwa siku saba za kazi nzuri.

Watalii wa ndani walitajwa mara nyingi kama mbadala, na kwa hoteli za karibu walisaidia kidogo. Kwa mwongozaji hesabu ilikuwa nyingine. Mgeni wa nje alikuwa akilipa dola 60 kabla ya kodi kuingia Serengeti kwa siku, na Mtanzania shilingi 10,000. Unafuu huo ni wa haki na unapaswa kubaki, lakini familia ya Kitanzania huja na gari lake au kwa basi la kukodi, hukaa usiku mmoja au miwili, na haina desturi ya kutoa bakshishi ya wiki nzima.

Kurudi kwa wageni

Kufunguliwa kwa anga mwezi Mei 2020 hakukurudisha msimu. Mwanzoni mwa Agosti Kenya ilipofungua ndege zake iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini, nayo Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways hadi katikati ya Septemba. Kwa Arusha, ambako wageni wengi hupitia Nairobi kwa ndege au kwa barabara ya Namanga, mvutano huo uliumeza moyo wa msimu. Januari 2021 Uingereza ilipiga marufuku wasafiri kutoka Tanzania, na zuio likadumu hadi Oktoba. Mwezi huo huo wa Januari Marekani ilianza kudai kipimo kabla ya kupanda ndege kurudi, jambo lililomaanisha kwamba mgeni aliyekuwa porini Serengeti alipaswa kukatiza safari ili apimwe mjini. Hapo Chama cha Mawakala wa Utalii, TATO, kilifanya kazi ya kusifiwa kwa kushirikiana na serikali kuweka vituo vya kuchukulia sampuli ndani ya Serengeti, kikiwamo cha Kogatende. Chanjo zilianza kutolewa tarehe 28 Julai 2021, na wafanyakazi wa utalii walikuwa miongoni mwa waliohimizwa mapema.

Takwimu za kitaifa zinasema wageni walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, wakapanda hadi 922,692 mwaka 2021 na 1,454,920 mwaka 2022. Anayesoma namba ya 2020 peke yake ataona kazi imepungua kwa takriban asilimia 60. Lakini namba hiyo inabeba miezi miwili na nusu ya mwanzo iliyokuwa ya kawaida, na inawahesabu pia watu wanaovuka mipaka kutoka nchi jirani kwa biashara na kutembelea ndugu. Mapato ya utalii yalishuka kwa zaidi ya asilimia 70, kutoka dola bilioni 2.6 hadi takriban dola milioni 715. Kwa mwongozaji wa Arusha, ambaye hula kutokana na mgeni wa mbali wa siku nyingi, kipimo cha mapato kiko karibu zaidi na ukweli wake kuliko idadi ya vichwa.

Makubaliano yanayokosekana

Nimesoma mapendekezo mengi yanayowataka waongozaji wajifunze kuweka akiba na kuwa na kazi ya pili. Wengi wanazo tayari, na miezi hiyo ilithibitisha hivyo. Ninaloliona kuwa na tija zaidi ni kuandika hata ukurasa mmoja kwa kila safari. Ukurasa huo utaje tarehe, posho, na sehemu ya malipo ya awali ambayo mwongozaji atalipwa safari ikifutwa ndani ya muda fulani, kama vile kambi na hoteli zinavyolipwa. Utaje pia kwamba safari ikiahirishwa, yeye ndiye atakayeitwa kwanza tarehe mpya ikipangwa. Kampuni itasema haiwezi kubeba gharama hiyo, na kwa kampuni ndogo hilo ni kweli ikiwa italibeba peke yake. Lakini masharti ya kufuta safari huandikwa na kampuni yenyewe na kukubaliwa na mgeni, na kiasi cha siku mbili za posho ndani ya bei ya safari ya maelfu ya dola ni kidogo mno kumfukuza mteja.

Upande wa hifadhi ya jamii, mtu aliyejiajiri anaruhusiwa kujiunga na NSSF na kuchangia mwenyewe, ila fao la kukosa ajira limejengwa kwa ajili ya aliyeachishwa na mwajiri. Vyama vya waongozaji vina hoja nzuri ya kupeleka hapo, kwamba mchangiaji anayelipwa kwa safari atambuliwe amekosa kazi pale leseni yake ikiwa hai na siku zake za safari zikiwa zimeshuka chini ya kiwango kilichokubaliwa kwa msimu. Siku hizo zinaweza kuthibitishwa, kwa kuwa gari linapoingia hifadhini hupewa kibali chenye tarehe, na ikitakiwa jina la dereva linaweza kuwekwa humo.

Haya ya mkataba hayahitaji kungoja sheria mpya. Wakati unaofaa kuyazungumza ni masika, magari yakiwa gereji na wenye kampuni wakiwa ofisini, kabla hawajatuma bei na masharti ya mwaka unaofuata kwa mawakala wa ng'ambo, na yazungumzwe na waongozaji wengi kwa pamoja ili asipatikane mmoja wa kuambiwa kwamba mwenzake amekubali bila karatasi.